Bahasha ya Mama Abuu

Newala, Jumanne, 1 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka kwa fujo, na mimi nimeanza daftari. Nimestaafu posta miaka minane iliyopita, lakini kila ikifika saa mbili asubuhi mkono wangu wa kulia bado unatafuta kitu cha kugonga. Agatha, binti yangu aliyeolewa Lisekese kule Masasi, ananiambia kwenye simu, "Baba, tulia." Nitulieje? Mtu hatulii kwa kuambiwa tulia.

Shughuli ninayo. Bwana Ulrich, rafiki yangu wa kalamu wa Ujerumani ambaye tumeandikiana tangu mwaka themanini na nne, amenitumia kitabu chake. Ni historia ya mihuri ya posta ya mji wake, mji wa mpakani, mto unapita katikati. Kijerumani sikijui, ila mihuri na tarehe zinajisomea zenyewe, na mengine amenieleza kwa Kiingereza. Kuna mtaa mmoja barua zake zimegongwa mihuri ya tawala nne, na watu wa mtaa ule hawakuhama hata nyumba. Muhuri ndio uliohama. Sasa anataka niandike ya Newala, maana na sisi watu wa mpakani, Ruvuma ile pale chini. Nitaandika. Kisingizio sina.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeokota debe mbili. Mgongo.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa nimetoa albamu kabatini. Mihuri mia tatu na kitu, yote nimeikata vipande vya mraba, imepangwa mwaka kwa mwaka. Ulrich alinigombeza zamani kwa jambo hili. Aliniandikia kwamba stempu bila bahasha yake ni jino bila mdomo, huwezi kujua lilimng'ata nani. Mimi nilijiona nimeshajua kila kitu, nikaendelea kukata miaka kumi mingine. Leo nimekaa na muhuri wa mwaka sitini na saba mkononi na sijui barua ilitoka kwa nani wala ilikwenda kwa nani. Historia gani hii nitaandika.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Nilikuwa naanika korosho uwani, jirani yangu Mama Abuu akapiga hodi. Jina lake Bimdogo, ila hapa mtaani ni Mama Abuu, japo Abuu mwenyewe alishafariki kwa ajali ya pikipiki akamwachia mjukuu, Hamida. Nikamwamkia shikamoo kama kawaida, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Huyu mama ana tabia ya kuja na jambo lake akilizungusha nusu saa. Leo hakuzungusha.

"Baba Agatha, nimekuja kuchukua ile barua."

"Barua ipi?"

"Ya baba yangu. Niliyokupa unitunzie."

Akanieleza sababu. Hamida amemaliza uuguzi, amepata kazi kwenye zahanati moja huko Tandahimba, na anatakiwa aripoti katikati ya Desemba akiwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hana. Mama yake alitoka ng'ambo ya Ruvuma akarudi huko huko, na baba yake, Abuu, hakuacha hata cheti. Imebaki bibi. Kijana wa uhamiaji, Bonifasi, amewaambia walete kitu cha kuonyesha kwamba bibi alizaliwa upande huu kabla ya Uhuru. Faili lifungwe Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Desemba, la sivyo kazi atapewa mwingine.

Kitu hicho kipo. Baba yake, Mzee Yunusi, alikuwa mpishi wa mzungu hapa Newala, akamwandikia mdogo wake Masasi: mke wangu amejifungua salama hapa Newala, mtoto wa kike, tumemwita Bimdogo. Mdogo mtu aliitunza barua ile maisha yake yote. Alipokufa, mwaka themanini na tisa, Mama Abuu akaniletea. Nakumbuka maneno yake. "Nyumba yangu ina mchwa. Wewe mtu wa posta, nitunzie."

Nikamwambia leo, "Ipo. Nitaitafuta."

Alipoondoka nikaitoa. Kuitafuta kwenyewe hakukuwepo, najua ilipo. Karatasi nzima, mwandiko safi wa Mzee Yunusi, na chini tarehe ya Kiislamu: saba Mfunguo Tano. Mwaka hakuandika. Mfunguo Tano kila mwaka upo. Mwaka ulikuwa kwenye muhuri wa bahasha. Na bahasha, pale juu kulia, ina tundu la mraba lililokatwa kwa wembe, kazi nadhifu, kazi ya mikono yangu. Muhuri ulikuwa umekaa nusu juu ya stempu nusu juu ya bahasha. Kwenye bahasha imebaki NEW, na chini yake 25 A. Nusu ya pili ilikwenda Ujerumani mwaka ule ule, na stempu yenye kichwa cha malkia. Ulrich alinitumia kioo cha kukuzia herufi badala yake. Nikafurahi wiki nzima.

Amana ya mtu nimeibadilisha na kioo. Naandika hivi nione kama itaandikika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikulala vizuri. Debe moja tu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwandikia Ulrich kwa simu, kidole kimoja, asubuhi nzima. Mjukuu wake humsomea. Nimemwambia nahitaji kile kipande cha Newala kwa ajili ya utafiti wangu wa historia. Utafiti. Neno zuri, linaficha mengi.

Mama Abuu kapita njiani na kuni. "Bado?" "Bado natafuta." Akaenda zake.

Jumanne, 22 Oktoba

Ulrich amejibu. Anasema kile ndicho kipande chake pekee cha mwaka ule, kiko ukurasa wa mbele wa albamu yake ya Newala, na kwa kuwa ni utafiti tu, picha itanitosha. Picha imekuja, safi kabisa. ALA. UG 58. Nimeiangalia mpaka simu ikaishiwa chaji.

Na haki yake. Nilimwomba kwa uongo, kanijibu kufuatana na uongo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe kwa Bonifasi bila kumwambia Mama Abuu. Kijana mwembamba, viatu vimechongoka mbele, meza yake haina hata chembe ya vumbi. Nilimchukia mara moja. Nikamwonyesha picha.

"Mzee wangu, shikamoo. Hii picha siwezi kuiweka kwenye faili. Siku hizi simu inatengeneza hata mtu."

"Mimi nimekuwa karani wa posta miaka thelathini na sita, kijana."

"Ndiyo maana nakuheshimu. Kama kuna halisi, ilete halisi."

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Kiburi tu kile.

Jumamosi, 2 Novemba

Mabibo yananuka mpaka chumbani. Inzi.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua imetushtukiza saa tisa mchana, si wakati wake. Korosho zote ziko nje. Nilikuwa nakimbia na jamvi moja kama kichaa, mara Hamida huyo, karuka uzio, kakunja jamvi la pili na la tatu, kaniingizia ndani kila kitu, kalowa chapachapa. Nikampa taulo. Akasema, "Babu, bibi anasema unaitafuta barua yetu. Asante. Najua makaratasi yako ni mengi."

Asante. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 13 Novemba

Wamebakiwa na mwezi mmoja. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimepanga magunia, nimeyapangua.

Jumatatu, 18 Novemba

Leo nimefanya jambo, na nitaandika nilivyolifanya, hatua kwa hatua, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa kuandika mambo yalivyokuwa.

Ninao muhuri wa zamani wa chuma. Ulitupwa jalalani siku tulipoletewa mipya, nikauokota kwa mapenzi tu. Herufi za NEWALA bado kali. Vitufe vya tarehe ninavyo kwenye kopo. Na albamu yangu ina stempu ya malkia ya rangi ile ile, haijagongwa.

Nikajiambia, huu si uongo. Barua ni ya kweli, mwaka ni wa kweli, mji ni wa kweli, hata malkia ni wa kweli. Kilichokosekana ni karatasi ndogo upana wa vidole viwili, ambayo niliikata mwenyewe. Mwashi akibomoa ukuta si ndiye anayeujenga? Nikabandika stempu kwenye tundu. Nikafunika upande wa bahasha kwa karatasi ili wino uangukie stempu tu. Nikapanga 25 AUG 58. Miaka thelathini na sita sijawahi kugonga tarehe isiyo ya siku ile. Kuna mkubwa mmoja aliniomba siku moja tu nirudishe nyuma, nikamwambia ng'o, nikakosa cheo. Leo nikagonga miaka sitini na sita nyuma. Herufi zikakutana kama hazijawahi kuachana. Nikasikia raha, Mungu anisamehe.

Nikaenda kumwita Mama Abuu. Akaja akifuta mikono kwenye kanga.

"Nimeipata."

Hajui kusoma. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, halafu akaipeleka puani. Akanusa mbele, akanusa nyuma. Akainusa pale kwenye stempu kwa muda mrefu.

"Baba mdogo alikuwa anavuta ugoro na tumbaku," akasema. "Bahasha hii yote inanukia sanduku lake. Hapa pembeni inanukia wewe, ulivyokuwa unatoka kazini."

Nikasema wino wa zamani ukipata unyevu hurudisha harufu. Nilisema hivyo, mtu mzima mwenye mvi.

"Baba Agatha. Nilikupa ya kweli. Mbona unanirudishia ya kutengeneza?"

Nikamwambia yote. Wembe, Ulaya, kioo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaiweka bahasha juu ya gunia, akasema, "Ondoa hicho ulichobandika," akaenda kwake. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

Nimekitoa kwa mvuke wa birika na kukichoma jikoni. Muhuri nao nimeutia kwenye choo cha shimo. Nimesikia ulivyoanguka.

Jumamosi, 23 Novemba

Hajaja. Hamida ananisalimia kutoka mbali. Kimya cha jirani ni kizito kuliko gunia la korosho mbichi.

Jumatatu, 25 Novemba

Amekuja. Nimemwamkia, akaitikia kwa chini chini. Akasema amefikiri. Nilidhani ananipeleka kwa mwenyekiti.

"Huyo Mzungu wako ana watoto?"

"Anao. Na wajukuu."

"Ulimwambia nini ulipomwomba?"

"Utafiti."

"Hiyo ni nini?"

Nikashindwa kumweleza. Akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Andika ninavyokwambia, usiongeze lako." Nikaandika, yeye anasema, mimi nabonyeza. Nainakili hapa kama alivyosema, nimeipeleka kwa Kiingereza cha moja kwa moja nilivyoweza:

Mimi ni Bimdogo binti Yunusi wa Newala. Kipande ulicho nacho kimetoka kwenye barua ya baba yangu ya siku niliyozaliwa. Aliyekupa hakuwa mwenyewe. Alikuwa mtunzaji. Hukujua, kwa hiyo sikulaumu. Mjukuu wangu hawezi kupata kazi bila hicho kipande. Nirudishie. Watoto wako wakuone ukiwa hai.

Nilitaka kulainisha pale pa mtunzaji. Akanitazama. Nikaacha hivyo hivyo.

Miaka yote nimemwona huyu mama msumbufu, wa kuomba chumvi na kuuliza mambo. Leo nimekuwa karani wake, na sijawahi kuandikia mtu mwenye akili iliyonyooka namna ile.

Alhamisi, 28 Novemba

Ulrich amejibu kwa mstari mmoja kwanza: "Kwa nini hukuniambia?" Halafu mwingine: kimeondoka leo, barua ya rejista, ya haraka.

Aliuliza anuani. Nikampa sanduku la posta la Agatha, Masasi. Sikutaka vijana wa posta ya hapa, niliowafundisha mimi kugonga muhuri, wanione nasaini kupokea kitu hiki. Aibu haina mwisho, ukiifukuza mlangoni inaingia dirishani.

Jumatatu, 2 Desemba

Bado.

Jumatano, 4 Desemba

Bado. Mvua. Nimempigia Agatha mara tatu. "Baba, nikiipata si nitakupigia?"

Ijumaa, 6 Desemba

Bado. Mama Abuu hajauliza. Angeuliza ningepumua. Ameniletea bakuli la mbaazi, akaweka, akaondoka.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, ofisi zote zimefungwa. Nimezunguka mji mzima kwa miguu bila sababu.

Jumanne, 10 Desemba

Bado. Ningempa anuani ya hapa, labda ingekuwa imeshafika. Nimeongeza kosa juu ya kosa kwa sababu ya uso wangu. Uso wenyewe una makunyanzi tu.

Jumatano, 11 Desemba

Agatha kapiga saa kumi jioni. Imefika.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeondoka alfajiri. Chini ya mteremko barabara imekuwa tope, bodaboda ametuangusha wote wawili kabla ya Chiungutwa, goti limechubuka. Masasi nimefika saa nne. Agatha kanipa bahasha, kaniangalia suruali, akauliza kuna nini mpaka nikimbie hivi kwa ajili ya stempu. Nikamwambia nilimwibia jirani. Akakaa chini. Mimi sikukaa, gari la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Kipande kiko ndani ya karatasi ya plastiki. Ulrich ameandika nyuma ya kadi: "Ukurasa wangu wa kwanza sasa ni mtupu. Nitauacha hivyo hivyo na kuandika sababu."

Kesho.

Ijumaa, 13 Desemba

Tulikwenda watatu, Mama Abuu, Hamida na mimi. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri. Nikalaza bahasha mezani kwa Bonifasi, nikatoa kipande kwa kibano, nikakirudisha kwenye tundu lake. NEW ikapata ALA. 25 A ikapata UG 58. Bonifasi akavuta taa karibu. Akaangalia nyuzi za karatasi, mstari wa duara, muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa kijana.

"Halisi," akasema. "Ila lazima yaandikwe maelezo, kwa nini vimetengana."

Nikaandika ukurasa mmoja. Utaratibu wao maelezo husomwa mbele ya mwenye nayo, kwa hiyo akayasoma kwa sauti, pale pale, benchi zima likisikia: mimi, Vitalis, karani mstaafu wa posta, niliaminiwa kutunza barua hii, nikaikata stempu yake bila ruhusa ya mwenyewe, nikampa mtu mwingine. Mzee mmoja pale benchini nilikuwa namtolea barua zake dirishani. Akainamisha macho chini kwa niaba yangu. Bonifasi aliyasoma taratibu, bila dharau, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa maji. Nilimkosea huyu kijana.

Akabandika vyote kwenye karatasi ya faili. Kisha akashika muhuri wake wa ofisi, akasita.

"Mzee, muhuri wangu lazima ushike vipande vyote viwili, isije ikasemwa kesho kimoja kimebadilishwa. Utaangukia juu ya huu wa zamani. Utauharibu kidogo."

Muhuri wenyewe ni wa mwaka ule, na mwingine kama huo sijauona. Ningekuwa mtu wa mwezi wa kumi ningemshika mkono.

"Gonga," nikamwambia.

Akagonga kwa woga, ukatoka nusu.

"Kaza mkono, mwanangu. Kanyaga sawa, halafu inua wima."

Akarudia, ukatoka wote, wino wa bluu juu ya wino mweusi. Akafunga faili, akamwambia Hamida akae kwenye kamera, namba yake ataipata leo leo. Hamida alilia wakati anapigwa picha ikabidi warudie.

Tukiwa tunamsubiri, Mama Abuu akamuuliza Bonifasi, "Huo mwaka ulioonekana pale ni upi?"

"Hamsini na nane, bibi."

"Kwa hiyo mimi nina miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

Akahesabu kitu kwenye vidole. "Mimi nimejihesabia sabini na tano tangu juzi juzi," akasema. "Hakuna aliyekuwa anajua." Halafu akanigeukia. "Wewe je? Umezaliwa lini?"

"Hamsini na sita."

"Na mwaka wangu ulikuwa unaujua."

Ningeweza kusema nilisahau. "Nilikuwa naujua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokata."

Miaka thelathini na mitano nimemwamkia yule mama kila asubuhi kama mkubwa wangu, kwa sababu mtaa mzima ulimwamkia hivyo, na kwa sababu kumwambia umri wake kungemkumbusha bahasha. Nilimwacha azeeke kabla ya wakati wake, ili mimi nisiulizwe.

Hakunifokea. Aliinuka kwenye benchi, akajifunga kanga vizuri, akapiga goti kidogo mbele yangu kama wanavyofanya wadogo.

"Shikamoo, Baba Agatha."

Watu walikuwa wanatuangalia. Ilinichukua muda mrefu sana kuitikia.